Karatasi 11 za parachichi

Jumanne asubuhi, hata kufagia mlangoni sijamaliza, akaingia mama mmoja wa Tukuyu aliyekuja mjini kumwona mwanawe. Mkononi ana simu ya huyo mwanawe. "Mwanangu, nitolee hii kwenye karatasi. Kikundi chetu tunakutana Alhamisi."

Ulikuwa ukurasa wa tovuti kuhusu kilimo cha parachichi: uchimbaji wa mashimo, mbolea, na jedwali la dawa mwezi kwa mwezi. Nina steshenari hapa Mwanjelwa, jijini Mbeya, mwaka wa saba sasa, kazi kama hii naifanya kila siku. Nikaprinti.

Zikatoka karatasi 11. Ya kwanza menyu tupu, imejipanga kutoka juu mpaka chini: Nyumbani, Kuhusu Sisi, Huduma, Wasiliana Nasi. Ya pili picha moja kubwa ya shamba, imekunywa wino mpaka karatasi ikajikunja. Maelezo yenyewe yakaanza ya tatu, na chini ya kila karatasi umekaa ule utepe mweusi wa "Tunatumia vidakuzi, Nakubali" (vidakuzi ni vijifaili ambavyo tovuti huviweka kwenye simu yako), umefunika mistari miwili. Karatasi ya tano, mistari iliyofunikwa ndiyo iliyotaja kina cha shimo. Na jedwali limekatwa upande wa kulia: mwezi unauona, jina la dawa unaliona, kipimo hakipo.

Kipimo ndicho wenzake walichomtuma.

Nikakaa chini, nikanakili maneno nikayapeleka kwenye Word, nikalaza ukurasa ili jedwali lienee, nikakuza herufi maana wasomaji wengine ni wazee. Zikawa karatasi 3. Kwa shilingi 200 kila moja nilimdai 600. Zile 11 nilizibeba mwenyewe, kwa sababu kosa halikuwa lake. Akapitisha kidole kwenye jedwali, mstari kwa mstari, kisha akanishukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga, mwanangu. Sasa nitolee kopi 15."

Nimewasikia vijana wanaotengeneza tovuti wakisema siku hizi hakuna anayeprinti. Naomba waje wakae kwenye benchi langu siku moja tu. Karatasi inabandikwa kwenye ubao wa kanisa, inapelekwa ofisi ya kata, inaingia shambani ambako simu imeisha chaji na bando. Kurasa za matokeo ya mitihani, zile za jedwali tupu lisilo na mapambo, hapa kwangu hutoka safi kabisa. Kwa hiyo inawezekana.

Wala si kazi kubwa. CSS, lugha inayopanga mwonekano wa kurasa za tovuti, ina kanuni za karatasi tangu toleo lake la pili la mwaka 1998. Mdogo wangu anayesomea kompyuta alinionyesha: unaandika @media print, halafu unataja vya kufichwa, yaani menyu, matangazo na utepe wa vidakuzi. Unaongeza kwamba mstari wa jedwali usikatwe katikati. Unaweza hata kuagiza kila kiungo kiandikwe na anwani yake, maana "bofya hapa" ikishafika kwenye karatasi imekufa. Zamani tovuti nyingi zilikuwa na ukurasa wa pili wa kuprintia, wa kutunzwa peke yake. Haina haja. Ukurasa ni ule ule, ukifika kwa printa unavaa nguo nyingine.

Na hata asiye na printa ananufaika. Mtu akichagua kuprinti halafu akahifadhi kama PDF ili aitume kwenye grupu la WhatsApp, kanuni ni hizo hizo zinazotumika.

Zile karatasi 11 sijazitupa, ziko chini ya kaunta. Anayetengeneza tovuti za wakulima, za shule, za zahanati, apite Mwanjelwa nimwonyeshe ile ya tano.