Projekta ya leza: angalia mwanga unaofika ukutani kwako, namba ya kwenye boksi achana nayo

Siku hizi huku Nyakato, Mwanza, kila anayepanga kununua projekta ya leza ananiuliza kitu kimoja, kaka ina lumeni ngapi hii, yani inatoa mwanga kiasi gani? Naelewa kwanini, ndo namba kubwa iliyochapwa kwenye boksi, ila mi hiyo namba siiamini mpaka nione neno ANSI au ISO (majina ya viwango rasmi vya upimaji) pembeni yake, maana hapo angalau kuna utaratibu wa kupima, picha nyeupe inagawanywa sehemu tisa, mwanga unapimwa kila sehemu, wastani unazidishwa na eneo la picha. Boksi likiandikwa lumeni 9,000 tu bila neno lolote, na projekta yenyewe unaibeba kwa kiganja na bei yake ni ya simu ya kawaida, iache palepale dukani.

Na kupima unaweza mwenyewe wala huhitaji fundi. Pakua app ya kupima mwanga kwenye simu, zima taa zote, weka picha nyeupe tupu, afu bandika simu ukutani kioo kikitazama projekta, pima katikati, pembeni, juu, chini. Picha ya inchi 100 ina upana wa kama mita 2.2 na kimo cha mita 1.25, yani mita za mraba 2.75 hivi, kwahiyo ukipata wastani wa lux 500 (lux ni kipimo cha mwanga unaofika kwenye kila mita ya mraba) zidisha kwa 2.75, hapo una kama lumeni 1,375. Simu haina usahihi wa kipimo cha maabara, lakini ukipima projekta mbili kwa simu ileile utajua tu ipi inamzidi mwenzake. Ila pima ikiwa kwenye mode ya sinema, ile mode yenye mwanga mkali kuliko zote kwenye projekta nyingi inafanya picha nzima iende kijani, na sebuleni hakuna mtu ataangalia muvi hivo. Na ukumbuke ukitoka inchi 100 kwenda 140 eneo linakuwa karibu mara mbili, kwahiyo kila sehemu ya picha inapata nusu ya mwanga uliokuwepo, wauzaji hawakwambii hili wanakwambia tu inafika mpaka inchi 200.

Sasa tuje kwenye weusi, hapa ndo mi nabishana na watu mpaka usiku. Projekta haina uwezo wa kurusha rangi nyeusi, weusi unaouona ni ukuta wako ambao haujapigwa mwanga, pamoja na mwanga kidogo unaovuja kwenye mashine. Kwa jamaa yangu Isamilo tuliweka projekta mbili kwa zamu, muvi ileile ya kibongo, kuna sehemu mzee kakaa nje usiku na chemli pembeni. Kwenye ya kwanza uso wa mzee ulikuwa doa tupu, unaona kola ya shati na mwanga wa chemli basi. Ya pili ukaona makunyanzi ya paji la uso, ukaona jasho, ukaona anavyokaza taya kabla hajajibu. Zote mbili boksini zimeandikwa kontrasti, yani tofauti ya weupe na weusi wa picha, ya mamilioni! Hayo mamilioni yanapatikana kwa leza kujipunguza mwanga yenyewe picha ikiwa giza, kontrasti halisi ndani ya picha moja ni ndogo sana kuliko hapo. Kwahiyo ukienda dukani usikubali kuonyeshwa video za maua na kasuku, nenda na flashi yako, weka scene ya usiku yenye sura za watu weusi kama sisi, uangalie kama unaziona.

Kingine, projekta za DLP, zile zinazotumia chipu ya vioo vidogo sana, zikiwa na chipu moja zinarusha rangi kwa zamu haraka haraka, na kuna watu macho yao yanakamata, wanaona vimulimuli vya nyekundu na kijani pembeni ya maandishi meupe. Mwingine haoni kabisa. Nenda na mkeo au mumeo dukani mjaribu wote, maana wewe unaweza usione kitu afu mwenzio kila muvi kichwa kinamuuma. Za 3LCD, zenye paneli tatu zinazorusha rangi zote kwa pamoja, hazina hilo tatizo.

4K, yani picha yenye pikseli (vile vinukta vinavyounda picha) nyingi sana, nitaisema kwa kifupi. Nyingi za DLP chipu yake ni ya vioo 1920 kwa 1080, ila picha inasogezwa kidogo mara nne haraka sana mpaka zinapatikana pikseli milioni 8.3, na ukikaa kwenye kochi ni kali kweli. Lakini kama kazi yake kubwa ni Simba na Yanga kwa king'amuzi, usiongeze hela kwa ajili ya 4K, weka hiyo hela kwenye skrini na pazia zito.

Kuhusu balbu na leza mi niko upande wa leza bila kusita, hasa kwa umeme wetu. Umeme ukikatika ghafla feni inasimama wakati balbu bado ya moto kabisa, na hiyo inaila balbu taratibu, afu ukirudi inabidi usubiri ipoe. Leza inawaka palepale. Saa 20,000 zinazoandikwa maana yake ni mpaka mwanga ufike nusu, ukiangalia saa nne kwa siku hiyo ni zaidi ya miaka 13. Balbu ya saa 4,000 kwa matumizi hayohayo haimalizi miaka mitatu. Ila stabilaiza au UPS weka, mbele ya umeme unaorudi kwa kishindo leza nayo haina ujanja.

Usiku wa wadudu wa ziwani ndo usisahau kabisa nyavu za madirisha, wanafuata mwanga, wanajaa kwenye picha na kwenye matundu ya hewa, na projekta yenye filta ukiacha kuisafisha joto linapanda na feni inaanza kulia.

Lakini kama nyumba yako iko mlimani inatazama ziwa, yani magharibi, madirisha makubwa na mechi unazopenda ni za saa kumi jioni, nunua TV kubwa tu ndugu yangu. Skrini maalum za kuzuia mwanga zinasaidia kwa taa za darini, jua linaloingia moja kwa moja litashinda.

Na muulize muuzaji nani atatengeneza. Balbu ilikuwa unachomoa unaweka nyingine, leza ikifa kwenye mashine nyingi unabadilisha injini nzima ya mwanga, kwahiyo mwenye warranty ya maandishi na fundi hapahapa Mwanza mi namwongezea hela kabisa kuliko kuagiza ya bei chee kutoka nje.