Fielder yetu, pini moja iliyoganda na laki na ishirini ya breki

Ukimsikia mtu anatafuta Toyota Fielder used maswali yake ni yaleyale, inakula mafuta kiasi gani, CC ngapi, kodi bandarini imesimama wapi, ina kamera ya nyuma au haina. Breki anaikanyaga mara mbili palepale yadi, ikishika basi iko poa, twende kwenye makaratasi. Af miezi kadhaa mbele anaanza kulalamika eti Toyota sio za kuaminika siku hizi, kila mara pedi, kila mara pedi. Mi naona pedi inasingiziwa tu. Pedi, kile kipande cha breki kinachosugua ili gari isimame, imetengenezwa iishe, hela inayoliwa bure ni ile ya kubadilisha pedi bila mtu kuangalia kwanini imeisha vile ilivyoisha.

Ya kwetu ni NZE141, lile toleo lililoanza 2006, injini ya 1500, mbele diski, sahani inayozunguka na tairi na pedi zinaibana, nyuma dramu, kama ngoma ambayo shuu zinatanuka ndani yake kuisimamisha. Ukikanyaga breki uzito unakimbilia mbele, ndo maana pua inainama, kwahiyo kazi kubwa inafanywa na miguu ya mbele na pedi za mbele zitaisha mara mbili tatu kabla hujagusa shuu za nyuma, hilo la kawaida halina uchawi. Ila gari ya familia haitembei tupu. Kwenda Mbeya inabeba watu watano na mabegi yao, kurudi inabeba watu walewale na mchele wa Kyela, viazi, ndizi za Tukuyu, na ndoo ya parachichi ya shangazi ambae hataki kabisa kusikia habari ya uzito, yeye akiona buti ndefu anaona nafasi. Kilo zote hizo unapozisimamisha zinaangukia zaidi kwenye vipande vinne vya pedi vinavyoenea kiganjani.

Na barabara yenyewe sasa. Dar mpaka Mbeya ukikaribia kijiji kuna kibao cha 50 na mara nyingi kuna trafiki na tochi yake chini ya mti, kwahiyo uko 80, 100, unaona kibao unashuka mpaka 50, unapita, unapandisha tena, kijiji kingine hiki hapa. Wengi hawajui kwamba gari ikiwa 100 nguvu iliyobeba ni mara nne ya ikiwa 50, sio mara mbili, na nguvu hio ukikanyaga inageuka joto palepale kwenye diski. Ukiona kibao kwa mbali achia mafuta mapema, gari ishuke yenyewe, breki umalizie tu. Baba watoto yeye anapenda afike mpaka karibu kabisa na kibao ndo akanyage, huo ni ugomvi wetu wa kudumu tangu tumenunua gari.

Kitonga ndo utaona mambo. Tukirudi Dar tunaushuka ule mlima, malori yanashuka kwa gia nzito mdogo mdogo, harufu ya breki zilizoungua unaisikia hata ukifunga vioo, halafu mbele yako kuna mtu na gari ndogo ya otomatiki, iko D, taa za breki zimewaka kuanzia juu hazizimi mpaka chini. Huyo akisimama Ruaha Mbuyuni kununua vitunguu asiguse rimu zake. Toa gari kwenye D weka gia zile za chini yake, 2, L, S au B kutegemea na gari lako, injini italia kidogo lakini haifi, acha ilie. Breki kanyaga mara moja kwa nguvu mwendo upungue kisha achia ipoe, usiiwekee mguu juu mlima mzima.

Haya, hii ya juzi. Ulianza mluzi, ule mwembamba unausikia ukiwa unaingia getini taratibu. Ule umewekwa makusudi, kuna kibati kidogo kwenye pedi ambacho pedi ikibaki nyembamba kinaanza kugusa diski, hapo gari inakupa taarifa. Nikaipeleka kwa fundi wangu Tabata. Akafungua tairi ya mbele kushoto, akatoa pedi zote mbili akazilaza juu ya tambara, akaniita, "Dada njoo uone mwenyewe." Ya nje bado nene, kama milimita 6 hivi. Ya ndani imebaki kama laini ya simu, na kwenye kona moja chuma kimeshatokeza kinang'aa.

Hapa ndo pa kuwa makini maana mafundi wengi wakiona hivyo wanakwambia tu dada lete pedi, wanafunga, unalipa, unaondoka. Pedi za tairi moja zinabanwa na kalipa moja, zinatakiwa ziishe karibu sawa. Pistoni inasukuma ile ya ndani, halafu kalipa yenyewe inateleza kwenye pini zake mbili ndo inaivuta na ya nje, ukiachia mguu vyote vinalegea. Pini ikiganda, ya ndani inabaki inasugua hata wakati hukanyagi, inakula pedi, inakula diski na mafuta ya gari yanaenda. Fundi akavuta pini ya juu kwa vidole ikatoka vizuri. Ya chini ikagoma, akaibana na plaizi akaizungusha wee ndo ikatoka, nyeusi tii, raba yake imevimba. Akanusa, akacheka, "Huyu alipaka grisi ya beringi." Grisi ya kawaida inavimbisha zile raba, pale panataka grisi maalum ya breki, ile ya silikoni inayovumilia joto. Gari imepita kwenye gereji kadhaa, moja ni ile ya mwaka jana walionifungia pedi wakaniambia kila kitu kimesafishwa, haya.

Hesabu ikawa hivi, bei za kwangu hapa Dar, kwako zinaweza kupanda au kushuka. Pedi 75,000, raba za pini na grisi 20,000, ufundi 25,000, jumla laki na ishirini. Pedi za 25,000 zipo pia tena zimejaa, boksi linang'aa kuliko hata la kiwandani, limeandikwa Genuine kwa herufi kubwa. Hizo zingine ni ngumu kama nini, zinapiga kelele na zinachimba diski, zingine laini zinaisha kabla hujasahau bei yake. Mi Gerezani, kule kwenye maduka ya spea, naenda na namba ya chesisi, siendi kusema "Fielder ya 2008" maana hapo utapewa chochote kinachoingia. Pedi za mbele za Toyota namba yake inaanza na 04465, shuu za nyuma 04495, angalau unajua unachosoma kwenye boksi. Na sio lazima boksi la Toyota, Akebono na Advics ni Wajapani wanaotengenezea Toyota breki, ukizipata za kweli umemaliza.

Mafuta ya breki ndo watu wanayasahau kabisa kwasababu hayapigi mluzi. Yanavuta unyevu kutoka hewani, na kwa hali ya hewa ya Dar unyevu hautafutwi. DOT 3, aina mojawapo ya mafuta hayo, ikiwa mpya inatakiwa ivumilie mpaka nyuzi 205 ndo ichemke, ikishanyonya maji kiwango kinachodaiwa kinashuka mpaka 140, sasa ipeleke hio Kitonga na gari imejaa. Yakichemka yanatoa mvuke kwenye mabomba, mguu unazama mpaka chini na gari haisimami. Kila miaka miwili namwaga naweka mapya na kutoa hewa kwenye mabomba ya breki za tairi zote nne. Ukiona kwenye kikopo yamepungua taratibu usikimbilie kujaza, mara nyingi ni pedi zimeisha pistoni zimetoka nje, ukijaza halafu fundi akirudisha pistoni yanafurika na yanakula rangi ya gari. Yakipungua ghafla hilo jambo lingine, tafuta panapovuja.

Nyuma tulifungua siku hiyohiyo, shuu bado nene, zimejaa tu vumbi la mtaani kwetu. Likaoshwa kwa maji, sikubali lipulizwe na kompresa watoto wako pale. Handibreki ilikua inapanda juu sana, ikarekebishwa, haikuongeza bei.

Diski za mbele ndo mgonjwa anaefuata. Ile ya kushoto imeota ukingo unaukwaruza na kucha. Fundi akapima unene akalinganisha na namba iliyogongwa kwenye diski yenyewe, pale palipoandikwa MIN TH, yaani unene wa mwisho unaoruhusiwa, akasema dada hizi zitamaliza seti hii ya pedi basi, asikudanganye mtu ukazikwangue. Jozi mpya nimeulizia ni kama laki na themanini. Baba watoto ameshaambiwa bei, na ya vibao vya 50 ameambiwa tena.