Mimea ya kwetu kwenye kiwanja kipya

Masika yameshika sawasawa, na leo nimemaliza kupanda upande wa mbele wa nyumba. Mikono imechubuka. Kiwanja changu hapa Tanga ukichimba kidogo tu unagonga jiwe la matumbawe, jembe halifui dafu, kwa hiyo mashimo yote nimeyapiga kwa mtaimbo kisha nikayajaza udongo mweusi na samadi ya mbuzi. Juu nimetandaza makumbi ya nazi ili unyevu usikimbie jua likirudi.

Fundi alitaka tumwage pevingi kutoka getini mpaka kibarazani, na ukutani tupange miti ya ashoki. Nyumba nyingi mpya ndivyo zilivyo. Nimekataa. Mvua zetu zikipiga juu ya pevingi, maji hayana pa kwenda ila kwa jirani, na kaskazi ikiingia sakafu hiyo inafukuta joto mpaka usiku. Halafu nataka mtu akisimama getini kwangu ajue yuko Tanga.

Nimeliwaza sana hili wakati nachimba. Mkonge, unaotutambulisha kote nchini, ni mgeni: Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893 kutoka Florida, asili yake ni Mexico, na miche iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Miaka hiyohiyo Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya enzi za Wajerumani, alipeleka kwao ua dogo la zambarau alilolikuta huku, nalo likapewa jina lake, Saintpaulia. Leo limejaa kwenye vyungu madirishani Ulaya na Marekani, na sisi wa Tanga wengi hatujawahi kuliona, ilhali kwao ni kwenye miamba yenye kivuli ya Usambara. Inaniuma. Lakini siendi kuling'oa msituni, maana huko yenyewe yamebaki machache. Nikilipata kitaluni nitaliweka nyuma ya tangi la maji, ambako jua halifiki.

Kwa sasa furaha yangu ni mbungo. Kila mtu hapa anakunywa juisi ya mabungo, lakini kuupanda nyumbani, hapana. Nilinunua mabungo sokoni, nikapasua ganda lile gumu linalotoa utomvu mweupe unaong'ang'ania vidoleni, nikamung'unya nyama ya njano mpaka mbegu zikabaki tupu, nikazisia siku ileile kwenye viriba kabla hazijakauka. Zimeota. Majani yake ni mazito, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Nimeujengea kichanja cha miti pembeni ya kibaraza, kwa sababu mbungo ni mtambaazi na ukikosa pa kukwea utahangaika. Ukifika wakati wake utatoa maua meupe yenye harufu nzuri, na asumini ya kununua sitaihitaji.

Bibi wa nyumba ya pili alipita nikiwa nashindilia udongo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Na hapo maji ya paa yanapomwagikia utapanda nini?"

Nikamwambia bado sijaamua.

"Weka mkindu. Unapenda maji, na mimi nitapata ukindu wa mikeka, siku hizi twaufuata mbali."

Nimemtii. Chipukizi lenyewe amenipa yeye.

Uwanja uliobaki nimeupanda ukoka, ule wa kwetu, vipande vya kuchomeka tu. Na karibu na ukuta wa nyuma upo mfudu, kwa ajili ya watoto. Nataka nao wajue kula furu, tunda lake, mpaka ulimi uwe mweusi.

Mwarobaini nilioukuta kiwanjani nimeuacha, ingawa asili yake ni Bara Hindi. Kivuli chake ndicho kinachoukinga mfudu kwa sasa. Nitaupunguza matawi kidogo kidogo kadiri mfudu unavyopanda.