Kabla ya bati na rangi, andikeni miti

Mtaani kwetu habari ni moja tu siku hizi: kota zitakarabatiwa. Mwenyekiti wa mtaa amepita nyumba kwa nyumba na daftari lake, anauliza kila kaya ingependa kitengenezwe nini kwanza. Wengi wamesema bati, choo, nyaya za umeme, rangi. Hawajakosea. Bati la jiko langu linavuja tangu enzi za marehemu baba, aliyekuwa fundi wa karakana ya reli na kutulea sote humu humu. Lakini zamu yangu ilipofika nilisema miti. Mwenyekiti akasita na kalamu yake. "Mwalimu, si miti ipo?" Ipo, mwenyekiti, na ndiyo maana nataka iandikwe.

Kuna kota nyingine hapa hapa Tabora, sitazitaja, zilizofanyiwa ukarabati miaka michache iliyopita. Greda lilipita kwanza. Miembe ikaangushwa ili malori ya mchanga yapate njia, na kazi ilipokwisha uwanja wote ukafunikwa kwa pevingi. Ukipita kwa bajaji utasifu: kuta nyeupe, madirisha ya alumini. Sasa kapite mwezi wa kumi, saa nane mchana, kabla mvua hazijaanza. Hutaona mtoto nje, wala mama anayechambua mchele kibarazani. Watu wamejifungia na feni, na umeme ukikatika wanatoka kutafuta kivuli cha ukuta wa jirani. Nyumba zimepona, mahali pa kuishi pamekufa.

Nina sababu ya kulishikilia jambo hili. Dada yangu ameolewa Ujerumani, anaishi Marzahn, upande wa mashariki wa Berlin, na likizo moja ya shule nilikwenda kukaa kwake. Nafundisha jiografia, kwa hiyo nilikuwa nimeshasoma habari za mitaa ile ya maghorofa ya zege. Nilitarajia kijivu kitupu. Nilichokikuta ni maghorofa yaliyozama ndani ya miti, mingine imefika dirisha la ghorofa ya tano.

Marzahn ilianza kujengwa mwaka 1977, enzi za Ujerumani Mashariki. Nyumba hazikujengwa tofali juu ya tofali. Kuta na sakafu zilimwagwa kiwandani zikiwa vipande vikubwa vya zege, vingine vya zaidi ya tani sita, vikaletwa kwa lori na kupangwa kwa kreni. Ndani ya miaka kumi na kitu, Marzahn na jirani yake Hellersdorf zikawa na makazi zaidi ya 100,000. Jirani wa dada, bibi wa ghorofa ya pili aliyehamia pale akiwa mke kijana, alinisimulia (dada akitafsiri, chai mkononi) jinsi walivyofurahia maji ya moto ya bombani na bafu la ndani. Nje hapakuwa na kitu ila matope. Walivaa mabuti ya mpira mpaka stesheni, viatu vizuri wamevibeba mfukoni. Miche iliyoletwa ilikuwa vijiti. Wakazi wenyewe walitoka siku za mapumziko na makoleo, wakapanda vichaka na kumwagilia. Bibi alinionyesha mti alioupanda yeye na mumewe, akataja jina lake kwa Kijerumani, nami nikaugusa shina.

Kisha mambo yakageuka. Ukuta wa Berlin ulianguka 1989, mwaka uliofuata Ujerumani mbili zikaungana, viwanda vya mashariki vikafungwa kimoja baada ya kingine. Vijana wakahamia magharibi kutafuta kazi. Kufikia mwaka 2000 hivi, makazi yapatayo milioni moja yalikuwa matupu katika iliyokuwa Ujerumani Mashariki. Mwaka 2002 serikali ikaanzisha mpango wa kuijenga upya miji ile, na sehemu kubwa ya kazi ikawa kubomoa. Kwa mtu wa Tabora ni vigumu kumeza kwamba mtu anabomoa nyumba yenye bomba la maji ya moto. Hata bibi wa ghorofa ya pili alisema alilia siku shule ya wanawe ilipoangushwa.

Ila mahali pamoja palinishangaza. Panaitwa Ahrensfelder Terrassen, mwisho kabisa wa Marzahn kaskazini. Palikuwa na maghorofa ya sakafu 11. Kati ya 2003 na 2005 waliyapunguza kutoka juu, kipande kwa kipande kwa kreni ileile ya namna ya kujengea, mpaka yakabaki ya sakafu tatu, nne, mengine sita, yakipanda na kushuka. Paa za waliobaki chini zikawa veranda za waliobaki juu. Mpangaji wa chini kabisa akapata kipande cha ardhi mbele ya mlango wake: mlango wa nyuma unafunguka, ngazi mbili, bustani. Nilitembea pale jioni nzima. Mmoja amepanda nyanya, mwingine waridi, familia moja ya Kivietnamu imepanda mboga za majani ambazo mama yangu angezitambua na kuomba mbegu. Kila kipande kimezungushiwa ua mfupi, na kwa sababu kila kipande kina mwenyewe, hakuna kilichogeuka jalala.

Hapo ndipo ninapotaka wenzangu wa kota waangalie. Bustani kubwa ya mji ni nzuri, na Marzahn wanayo: ilifunguliwa 1987, Berlin ilipotimiza miaka 750, na mwaka 2017 ilipokea maonyesho ya kimataifa ya bustani, kukawekwa hata magari ya kamba yanayopita juu ya kilima cha Kienberg, kilima kilichoongezwa kimo kwa kifusi cha vita na udongo wa ujenzi. Nilipanda, nikafurahi. Lakini kinachomfanya mama mwenye ndoo ya nguo akae nje ni kile kipande cha hatua tano kutoka mlangoni kwake, ambacho hakuna wa kumfukuza.

Jambo la pili nililoliona ni dogo sana. Jengo moja lilikuwa linavishwa ngozi mpya ya kuzuia baridi, jukwaa la mafundi limezunguka pande zote, na kila mti uliokuwa karibu ulifungwa mbao shina zima, kuanzia chini hadi urefu wa mtu. Nikamwuliza shemeji, akasema ndiyo taratibu ya ujenzi huko, fundi akiuchubua mti anajibu. Mbao na kamba tu! Mkandarasi wetu anashindwa nini?

Sisemi huko kila kitu ni kizuri. Leo Berlin ina uhaba wa nyumba, kodi zimepanda, na ile nafasi ya wazi katikati ya maghorofa inatamaniwa tena kwa majengo mapya. Wakazi wa Marzahn-Hellersdorf wanapigania nyua zao kwa vikao na saini. Nyumba zinahitajika kweli, siwezi kusema hazihitajiki. Ila nimeelewa kwamba kivuli kisichoandikwa popote kwenye ramani huhesabiwa kuwa uwanja mtupu.

Na msidhani habari hizi ni za mbali. Nchi iliyoijenga Marzahn ndiyo iliyoisaidia Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964 kujenga maghorofa ya Kikwajuni na Kilimani, na mpango wa mji wa 1968 ulichorwa na mtaalamu wao. Kwetu Tabora, reli ilifika 1912, wakati Wajerumani wanatawala. Miembe yetu wazee wanaihesabu ya zamani kuliko reli yenyewe, ya enzi za misafara. Fundi aje na msumeno aimalize kwa asubuhi moja?

Majirani wana hoja zao, nami nimezisikiliza. Mama wa maandazi anasema majani yanaziba mifereji na nyoka hujificha. Kweli, matawi yaliyolalia bati yapunguzwe kila kiangazi, na vichaka visikaribie milango. Vijana wa bodaboda wanataka maegesho. Wapewe upande wa barabarani, palipo na mwanga. Wengine wanauliza maji ya kumwagilia yatatoka wapi. Kama bati linabadilishwa, fundi aweke na mifereji na simtanki kwa kila nyumba nne, mvua za masika yetu zisiishie mtaroni. Maji ya kufulia yaende kwenye migomba na mipapai. Na miche mipya ipandwe Novemba, mvua zinapoanza, isipandwe Juni kwa sababu mgeni rasmi anakuja: miembe, mipera, na angalau mitundu na mininga michache ili watoto wetu waujue msitu wa nyumbani kwao.

Nimeandika barua ya ukurasa mmoja kwa mwenye nyumba wetu. Inaomba mambo matatu: miti ihesabiwe na kuchorwa kwenye ramani kabla mkandarasi hajaingia, mashina yafungwe mbao, na kila kaya iandikiwe kipande chake mbele ya mlango kwenye mkataba wa pango. Aliye tayari kusaini apite kwangu kabla ya Jumamosi, baada ya saa kumi niko nyumbani. Apite pia anayetaka kuutetea ule mwembe wa kona ya choo cha nyuma. Nimeugonga, umeoza ndani, na tawi lake kubwa liko juu ya njia ya watoto wa shule. Huo tukubaliane kuukata sisi wenyewe.