Jina la kati la Haruka

Tangu mdogo wangu wa kiume apate mtoto kule Osaka, familia nzima imegeuka kamati ya majina. La kwanza halina mjadala: Haruka. Mama yake alilichagua kabla hajajifungua na mdogo wangu akaridhia. Tunachobishania ni jina la pili, la kati, na mzigo huo nimetupiwa mimi kwa sababu ndiye shangazi na kwa sababu, wanasema, majina ndiyo kazi yangu.

Kazi yangu ni steshenari hapa Mtwara mjini. Naprinti, naskani, nalamineti, na zaidi ya yote najaza fomu za watu: za cheti cha kuzaliwa, za NIDA, za mkopo wa chuo. Kisanduku cha jina la kati hakijawahi kunisumbua. Mteja akikaa namwuliza lake, la baba, la babu, tunasonga mbele. Kwetu jina hilo halichaguliwi, unazaliwa unalikuta. Mtoto wa Hamisi, awe wa kike awe wa kiume, atabeba Hamisi katikati mpaka anaingia kaburini. Kwa hesabu hiyo huyu ni Haruka Hamisi, jina la babu mwishoni, fomu imejaa.

Sasa kule Japani kisanduku hicho hakipo kabisa. Wana daftari la familia linaloitwa koseki, nalo linataka jina la ukoo na jina la mtu, basi. Halafu mtoto wa mama Mjapani na baba mgeni huandikwa kwenye koseki ya mama, kwa jina la ukoo wa mama. Baba anatajwa kwamba ndiye baba, lakini kwenye jina lenyewe hayumo. Hapo ndipo mdogo wangu alipochomeka. Alinipigia usiku analalamika kama mtu aliyedhulumiwa shamba.

"Dada, mtoto hana jina langu hata moja."

Njia ipo. Wazazi wanaotaka jina la pili huliunganisha na la kwanza, yakaandikwa pamoja bila nafasi, na kwa serikali yanakuwa jina moja. Ila Haruka-Hamisi haikwenda. Wenzetu hawana desturi ya binti kubeba jina la baba yake, na wifi alishasema wazi kwamba hataki mwanawe ajieleze kila anapofungua mdomo. Kwa hiyo litafutwe jina la kike, litoke kwetu, na litafutwe haraka, maana wana siku 14 tu za kwenda kumwandikisha mtoto.

Nikampigia bibi Newala, mama yake mama. Nilimweleza yote, tena kwa kupaza sauti maana masikio yake siku hizi ni ya kubembeleza. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kwani ubaya uko wapi? Mtoto si wa kwao mama yake?"

Wamakonde wa zamani, kama walivyo Wamwera, Wamakua na Wayao, ukoo waliuhesabu kwa mama. Mtoto ni wa mama na wa ndugu za mama, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Hayo nayajua tangu utotoni, sema nilishayaweka kwenye fungu la mambo ya wazee. Kwa bibi, serikali ya Japani imefanya jambo la akili, na waliopotea ni sisi na fomu zetu za baba na babu.

Nilicheka, ila kesho yake dukani kicheko kikakata. Kuna kinamama wanaokuja kuchapisha barua za kufuatilia mikorosho ya mama zao, wengine wametoka Tandahimba, wengine Nanyamba. Mtu kapanda na mama yake, kapalilia na mama yake, kaokota na mama yake misimu yote. Majina yake matatu ukiyasoma, la kwanza lake, mawili yanayofuata ni ya wanaume. Mama hayumo. Kama cheti cha kuzaliwa hakuna, na wengi wa umri huo hawana, inabidi niandike aya nzima kueleza kwamba huyu ni binti wa yule. Nimeandika aya hizo kwa miaka na sikuwahi kujiuliza.

Basi nikaamua: kama kisanduku cha kule kiko wazi, kikae mwanamke.

Siku ya saba ilitukuta hatujaelewana. Huku tulichinja mbuzi wa akika, mmoja kwa kuwa mtoto ni wa kike, tukamwombea dua kwa jina la Haruka tupu. Jioni mdogo wangu akatuma picha. Nao wana shughuli yao ya usiku wa saba, oshichiya: jina la mtoto linaandikwa kwa brashi na wino mweusi kwenye karatasi nyeupe, linabandikwa ukutani jamaa walione. Aliyeandika alikuwa baba mkwe wake. Herufi moja tu ya kanji, zile zenye asili ya China ambazo moja hubeba maana ya neno, nene, imejaza katikati ya karatasi, na mkia wake umeishia kwa mchirizi mwembamba pale wino ulipomwishia. Pembeni tarehe ya kuzaliwa kwa mwandiko mdogo. Hatukuwa tumepanga shughuli zifanane siku, na mama aliiangalia picha hiyo muda mrefu kuliko picha za mtoto.

Wifi akanisimulia kwamba wazee wake walihesabu kwanza mistari ya brashi inayounda kila herufi, ya ukoo na ya mtoto, kuona kama jumla yake ina bahati. Tena herufi haziokotwi ovyo, sheria inataka uchague kutoka kanji 2,136 za matumizi ya kawaida na nyingine 863 zilizoruhusiwa kwa ajili ya majina, au uandike kwa hiragana na katakana, herufi zao za silabi. Mambo ya bahati hayakunishangaza. Hapa pwani mwenye falaki akitaka kukupigia nyota hujumlisha thamani za herufi za jina lako na la mama yako. La mama, si la baba. Hata nyota zinamjua bibi.

Majina yakaanza kumiminika kwenye kundi letu la WhatsApp. Zulfa lilikwama mapema: kwa herufi zao hakuna l, na konsonanti lazima ivute vokali, likatoka Zurufa. Halima, la bibi mwenyewe, likageuka Harima, na Harima ni jina la kale la jimbo la upande wa Himeji, kwa hiyo ni sawa na kumwita mtoto Usangu. Mama mdogo akaleta Shida, la marehemu shangazi yake, akidhani Wajapani litawashinda. Wifi akajibu kwamba Shida wanao tele, ni jina la ukoo. Tulicheka siku nzima. Kwa upande wake bibi naye hawezi kusema Haruka, anasema Haluka, kwa hiyo ikawa bibi mmoja ana Haluka na bibi mwingine ana Harima, hakuna wa kumcheka mwenzake.

Mimi nilikuja na Somoe. Mkazi wa Lindi au Mtwara hahitaji kuelezwa, kila mtaa una Somoe wake. Ni jina la mama yake bibi. Nilimtumia wifi sauti nikilitamka polepole, naye akalirudisha bila kosa, so-mo-e, akasema kwao lipo linalokaribiana nalo, Tomoe, alilokuwa nalo mwanamke mpiganaji wa karne ya 12. Nikajua nimepata.

Bibi ndiye aliyenikatalia. Jina analipenda, ni la mama yake, lakini Somoe ni wa ukoo wetu na mtoto ni wa ukoo mwingine. Huwezi kuchukua jina la kwenu ukalitia kwa watu bila kubisha hodi. Akauliza kama wifi ana kaka.

Anaye, mmoja, fundi wa viyoyozi, kijana mpole asiyependa simu. Mdogo wangu alipoambiwa akamwulize shemeji yake, aliona aibu kwanza. Angemwambia nini mtu ambaye kwao mjomba hupeleka zawadi tu na kwenda zake? Wifi ndiye aliyelibeba. Alimweleza kaka yake kwamba huko Newala kuna mama mzee anayesubiri kauli yake. Yule bwana akanyamaza, kisha akaomba apewe muda afikiri. Niliambiwa hakuna aliyewahi kumwona akiomba muda kwa jambo lolote la familia. Aliporudi alikuwa ameandika Somoe kwa katakana, kwa mkono wake, chini ya kanji ya Haruka, kuona yanakaaje. Akasema yanakaa vizuri.

Wameandikisha kabla siku hazijaisha, Harukasomoe, neno moja, kanji mbele katakana nyuma. Nyumbani ataitwa Haruka. Kwenye karatasi za Tanzania mdogo wangu bado anataka Hamisi liwepo, na sina ubishi nalo, mradi Somoe asiondolewe. Majina yakipishana kati ya karatasi na karatasi najua yanavyotesa, viapo vyake mimi ndiye ninayevichapa kila wiki.

Nilimpigia bibi kumpa habari kwamba mjomba amekubali. Akafurahi, akamwombea heri, kisha akauliza kama tumeshamwambia kwamba siku ya unyago mwenye kutoa gharama ni yeye.