Mtoto si mali ya ndoa

Watu wanaokuja kwenye dawati letu la msaada wa kisheria wengi hufungua mdomo kwa swali hilohilo: "Wakili, watoto atachukua nani?" Talaka yenyewe huja baadaye, na mgawanyo wa mali baadaye zaidi. Uchungu wao nauelewa. Ila huwa nawasimamisha kidogo, kwa kuwa wengi wanadhani hakimu atatafuta mshindi kati ya mume na mke.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ulioridhiwa na karibu nchi zote duniani, unataka maslahi bora ya mtoto yazingatiwe kwanza. Ibara ya 9 inampa mtoto haki ya kuendelea kuonana na wazazi wake wote wawili hata wakitengana, isipokuwa pale ambapo kuonana huko kunamdhuru. Haki hiyo ni ya mtoto. Mama anayemficha na baba anayetishia kumnyakua wanagombania kitu ambacho si chao.

Mama mmoja alinijia na bahasha nene ya meseji za mumewe na mwanamke mwingine. Alizichapisha zote, akazipanga kwa tarehe. Nilimsikiliza mpaka akamaliza, kisha nikamwomba aniletee daftari la mawasiliano la shule ya mtoto. Chini ya kila ujumbe wa mwalimu sahihi ilikuwa yake: homa, kazi ya nyumbani, mkutano wa wazazi. Daftari lile lilikuwa na uzito kuliko bahasha nzima. Uzinzi unaweza kuwa na nafasi katika shauri la talaka, kutegemea sheria ya nchi, lakini kwenye malezi mahakama inataka kujua nani anamwamsha mtoto, nani anajua dawa zake, nani atamwacha ampende mzazi mwingine. Na kama nyumbani kuna kipigo, lisemeni mapema, siku ya kwanza kabisa. Msilifiche kwa aibu.

Jambo linaloniumiza zaidi ni hili la "hatoi matunzo, basi hamwoni mtoto", au kinyume chake, "sionyeshwi mtoto, basi sitoi hela". Kwa kawaida mahakama huyatenganisha mambo hayo mawili. Asipolipa, rudi mahakamani uombe amri itekelezwe. Ukimzuia kumwona, mtoto anakosa ada na anamkosa mzazi kwa mpigo mmoja.

Kumvusha mtoto mpaka wa nchi bila ridhaa ya mwenzio ni hatari vilevile. Mkataba wa Hague wa mwaka 1980 unahusu watoto walio chini ya miaka 16 waliotoroshwa nje ya nchi, na kati ya nchi wanachama kanuni yake ni kumrudisha mtoto haraka alikokuwa akiishi, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Shauri la malezi linasikilizwa huko.

Mtoto mwenyewe je? Ibara ya 12 ya Mkataba wa Haki za Mtoto inasema asikilizwe kulingana na umri na upevu wake. Kusikilizwa si kulazimishwa kuchagua. Tafadhali msimkalishe sebuleni na kumuuliza anampenda nani zaidi.

Kuhusu ulezi, familia nyingi hutegemea maneno ya mdomo: "Nikifa, dada yangu atawachukua." Liandikeni kwenye wasia, kwa namna sheria yenu inavyotaka, na kwanza mwulizeni huyo dada kama yuko tayari. Mjue pia kwamba mzazi mwingine akiwa hai, mara nyingi yeye ndiye anayeendelea kulea, hata kama mlishaachana. Msimamizi wa mirathi naye ana kazi yake ya kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa. Anayemlea mtoto anaweza kuwa mtu mwingine kabisa, na mimi napendelea iwe hivyo, ili mmoja amuulize mwenzake fedha za mtoto zimekwenda wapi. Andikeni na jina la mlezi wa pili, kwa kuwa wa kwanza anaweza kuugua au kutangulia.