Dakika tatu za Kiingereza, Moshi

Masika ikishika, sisi wagumu, yaani wabeba mizigo wa Kilimanjaro, tunakaa bure. Aprili na Mei wageni wanapungua, na ile mizigo ya kilo 20 inabaki stoo. Msimu huu sikutaka kushinda kijiweni. Nilijiandikisha darasa la Kiingereza la jioni hapa Moshi, maana nataka siku moja niwe kiongozi wa wageni, na kiongozi lazima asimame kila jioni kwenye hema la chakula awape wageni maelezo ya kesho.

Sababu yenyewe ni usiku mmoja kambi ya Barafu, juu ya mita 4,600. Tulimshusha mgeni gizani, amelala kwenye machela. Kichwa kilikuwa kinamuuma tangu jana yake, dalili ya ugonjwa wa mwinuko, na hakusema. Kwenye maelezo ya jioni kiongozi wetu alikuwa amemwaga Kiingereza chote alichokariri, mbio mbio, akamalizia kwa kuuliza kama kuna swali. Mgeni akatikisa kichwa. Aliposhuka chini alipata nafuu, lakini mimi sijausahau usiku ule.

Zoezi letu la kwanza darasani lilikuwa dakika tatu mbele ya wenzako, mada unayoijua. Nikachagua hayo hayo maelezo ya jioni. Nikaanza kama tunavyosikia kwenye harusi na mikutano: nikamtaja mwalimu, kiongozi wa darasa, wanafunzi wenzangu, nikafunga kwa kusema itifaki imezingatiwa, yote kwa Kiingereza. Mwalimu akatazama simu yake.

“Kaka, dakika nzima imeisha. Wageni wako wametembea masaa saba, wana baridi, supu inapoa. Wanataka kusikia nini kwanza?”

“Kesho wanaamka saa ngapi.”

“Basi anzia hapo.”

Kilichonichukua muda mrefu ni mkazo. Kiswahili hakitusumbui: mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho, mLIma, mliMAni. Mimi nikaupeleka huko huko kwenye Kiingereza, nikawa nasema al-TI-tude (mwinuko), ok-SI-jen (oksijeni). Mwalimu akanieleza kwamba sikio la Mzungu linashika kwanza pale penye mkazo. Ukiuhamisha, neno linampita hata kama herufi zote umezitamka. Akaandika ubaoni altitude na oxygen, akapiga mstari chini ya silabi ya kwanza ya kila moja, akawa anagonga meza kwa kalamu nami natamka. Wiki ile nyumbani niligonga sufuria, ndoo, mlango. Hayo ni maneno mawili ambayo mgeni hatakiwi kuyakosa kabisa, na mimi nilikuwa nayakosea miaka sita.

Halafu akanifundisha kuuliza. Usiulize kama kuna swali, alisema, maana mtu aliyechoka atakujibu hapana ili akalale. Uliza kitu kisichojibika kwa kutikisa kichwa: kutoka sifuri mpaka kumi, kichwa chako kinauma kiasi gani? Kisha mtazame mtu mmoja, uhesabu tano kimoyomoyo, unyamaze. Mara ya kwanza nilifika mbili tu nikaanza tena kuongea. Kunyamaza mbele ya watu ni kazi nzito kuliko mzigo, nawaambia kweli.

Juni tulipanda kwa njia ya Machame. Kambi ya Shira, jioni ya pili, kiongozi aliniita hemani akasema leo waambie wewe habari za kesho. Nikaanza na saa ya kuamka. Nikasema habari za maji, lita tatu kwa siku, na mwendo wa pole pole. Nikauliza lile swali, nikamtazama mama mmoja wa makamo aliyekaa karibu na taa. Moja, mbili, tatu, nne.

“Six,” akasema. “Since lunch.” Sita, tangu chakula cha mchana.

Kiongozi akainuka, akafungua begi la dawa, akamvisha kidoleni kile kifaa cha kupimia oksijeni.